Familia iko nchi nyingine, fomu inataka mlezi mmoja, wao wanasema "sisi". Naandikaje ripoti?

Nyota_wa_Faili

Wakuu habari zenu. Mimi ni afisa ustawi wa jamii kitengo cha watoto, huu mwaka wa tatu kazini, nina kesi imenikaba koo kwelikweli. Mliowahi kushika kesi za kuvuka mipaka naombeni mawazo maana ofisini kila mtu ananiambia lake.

Kwa ufupi tu, na vitu kadhaa nimebadilisha ili mtoto asitambulike. Binti wa miaka 9, mama yake alifariki, baba hajulikani, yuko kwenye malezi ya kambo (familia nyingine inayomtunza kwa muda) miezi saba sasa. Ndugu wa mama wako nchi nyingine na wamejitokeza wenyewe, wanamtaka. Kaya ina bibi, dada wawili wa marehemu, kaka yake mmoja na watoto wao. Mahakama inataka ripoti ya tathmini ya familia, nilipewa wiki 6, zimebaki 3.

Sasa tukapiga simu ya video, mimi na mkalimani upande huu, upande ule wamejipanga wote kwenye kochi moja, watoto wamesimama nyuma wanachungulia. Nikafungua fomu yetu, nikafika kipengele cha nne: mlezi mkuu wa mtoto atakuwa nani. Nikauliza. Wakatazamana, wakacheka kidogo, bibi akasema neno moja tu, mkalimani akanipa: "sisi". Nikasema sawa nimeelewa, ila nataka mmoja, yule hasa wa kuhusika. Bibi akarudia lile lile. Nikauliza mara ya tatu, hapo nikaona sura zimebadilika, yule dada mkubwa akasema "basi andika mimi", kwa sauti ya mtu anayetaka yaishe. Nikaandika. Wiki iliyofuata nikapiga tena kuhakiki, yule mkubwa hayupo, nikarudia swali lile lile na mdogo akajibu "andika mimi". Nikaandika tena maana ndo nilichoambiwa.

Supavaiza wangu kusoma rasimu akapiga mstari mwekundu, pembeni akaandika: familia inajikanganya, hakuna mlezi thabiti, pendekeza mtoto abaki alipo.

Kiukweli mimi sioni kama wamejikanganya. Naona mimi ndo niliwalazimisha wajikanganye. Lakini "naona" haiendi mahakamani, na supavaiza si mtu mbaya, ameshika kazi hii miaka mingi kuliko umri wangu kazini, anaogopa mtoto asije akapelekwa mahali ambapo kila mtu ni mlezi na hakuna mlezi.

Kingine kilichoninyima usingizi. Baada ya simu ya kwanza mkalimani ananiambia wakati tunafunga laptop, eti bibi aliuliza mara tatu kama mtoto bado anaogopa giza. Mara tatu! Nikamwambia mbona hukuniambia, akasema "haikuwa jibu la swali lako". Yaani bibi wa watu ameniuliza mara tatu na mimi nimemkaushia.

Kwa hiyo nauliza, hii naandikaje ili isomeke na mtu ambaye hakuwepo kwenye simu? Na hivi hata nilikuwa na ruhusa ya kuwapigia moja kwa moja? Na je, inawezekana supavaiza yuko sahihi, mimi nimewapenda tu wale watu kwa sababu ya lile kochi?

---

Mzee_wa_Taratibu

Dada pole na kazi. Naanza na lile la pili maana ndo litakalokuumiza kwanza.

Kumpigia ndugu simu ya kujitambulisha si kosa, lakini ripoti ya familia iliyo nchi nyingine kikawaida haifanywi na wewe ukiwa kwenye skrini. Inafanywa na mstawi mwenzio wa kule anayeingia ndani, anaona mtoto atalala wapi, anaongea na majirani, anaijua shule. Angalia kama nchi zote mbili zimejiunga na Mkataba wa Hague wa 1996 wa ulinzi wa watoto. Kama zimejiunga, kila moja ina ofisi ya kushughulikia mkataba inayoitwa mamlaka kuu, na hizo ndo zinazoongea zenyewe kwa zenyewe. Ibara ya 33 inasema ukifikiria kumweka mtoto kwenye familia ya malezi au kituo nchi nyingine, au kumpa malezi kwa njia ya kafala (malezi ya kisheria ya Kiislamu yasiyo ya kuasili), mamlaka ya kule iulizwe kwanza, itumiwe ripoti ya mtoto pamoja na sababu, na uamuzi usitoke mpaka wao wakubali. Kwa ndugu wa damu nchi nyingine zinaitumia ibara hii na nyingine zinaona haihusu, kwa hiyo mwanasheria wenu ndo ajibu hilo kwa maandishi, usilibebe wewe.

Kama nchi mojawapo haimo, kuna International Social Service, wako tangu 1924, makao yao Geneva, wana wenza kwenye zaidi ya nchi 100. Kazi yao ni hiyo hiyo, kumpata mstawi wa upande wa pili akutembelelee familia. Ila andika leo, usisubiri kesho, maana majibu yanachukua muda na wiki 3 ni kama hazipo. Omba mahakama ikuongezee muda sasa hivi ukiwa na barua mkononi ya kuonyesha umeshaomba. Hakimu anamvumilia aliyeandika barua kuliko aliyekuja na udhuru.

Usichanganye na ule Mkataba wa 1993. Ule ni wa kuasili, mtoto anapata mzazi mpya kisheria. Bibi hataki kuwa mama yake mpya, anataka mjukuu. Nimeona faili limepotea karibu mwaka mzima kwa sababu mtu alitiki kiboksi cha kuasili.

Halafu ubalozi. Mkataba wa Vienna wa 1963 wa mahusiano ya kikonseli una ibara ya 37 inayosema mtoto raia wa nchi nyingine akihitaji kuwekewa mlezi, konseli wao (afisa wa ubalozi anayehudumia raia) ajulishwe. Sawa. LAKINI kabla hujainua simu uliza kama mama alikuja kama mkimbizi au aliomba hifadhi. Kama ndiyo, usiguse ubalozi kabisa mpaka mwanasheria aseme, unaweza kuwaweka hao ndugu hatarini kwa imeili moja ya heshima.

La supavaiza ni jepesi. Mfungulie Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ibara ya 5. Inataja kwa jina familia pana kama watu wenye wajibu na haki ya kumwongoza mtoto pale mila za mahali zinapokubali. Na ibara ya 20 inataka uangalie mwendelezo wa malezi yake pamoja na dini, utamaduni na lugha yake. "Sisi" si jibu la ajabu kisheria. Fomu yenu ndo ina nafasi ya jina moja.

---

Sauti_ya_Katikati

Mimi ni mkalimani, mahakamani na hospitali, naomba nimtetee kidogo mwenzangu halafu nimseme.

Kumtetea: sisi tunafundishwa tusiongeze tusipunguze, na wewe ulimpa mazungumzo kwa mtindo wa swali, jibu, swali, jibu. Ndani ya mtindo huo swali la bibi halina pa kukaa. Wanaongea watu watano kwa mpigo, skrini inaganda, wewe unaandika kichwa kimeinama, yeye anachagua. Anachagua kinachofanana na jibu.

Kumsema: hakutakiwa kuchagua. Kila kilichosemwa kinatafsiriwa, hata kama ni "mwambie huyo mtoto wa watu ale kwanza". Tena hasa hicho. Bibi anayeuliza giza mara tatu anakupa ushahidi kwamba anamjua mtoto usiku, kwamba aliwahi kulala naye chumba kimoja au aliongea na mama yake kuhusu usiku wake. Tathmini nzima iko pale na imebaki kwenye kichwa cha mkalimani.

Siku hizi kabla ya simu ya namna hiyo namwambia afisa tukae dakika 15 peke yetu. Ananieleza anatafuta nini, namweleza maneno gani yatanisumbua. "Mlezi mkuu" ningekushtua mapema. Kuna lugha ninazofanyia kazi ukisema hivyo unasikika kama unauliza nani mwenye mali. Ndo maana walicheka, na ndo maana mara ya tatu sura zikabadilika, ulikuwa unawataka wagombanie mtoto mbele ya mama yao. Hata kwetu sisi tunaoongea Kiswahili dada wa mama ni mama mkubwa au mama mdogo, mama tu, halafu fomu inakuuliza "uhusiano na mtoto" na unaandika "si mzazi". Neno limeshapotea hapo kabla hata mkalimani hajafungua mdomo.

Na baada ya simu tukae tena dakika 10. Hapo ndo namwambia kuna kimya kimoja sikukielewa, kuna neno nililitafsiri hivi ila lina upande wa pili. Yeye aandike kama maelezo ya mkalimani, tofauti na maneno ya familia. Usichanganye, mwanasheria wa upande wa pili atakuchana.

Mwisho, na hili sina utani nalo, usimtumie ndugu wala mtoto kutafsiri hata kama ni dakika 2 tu za kupanga muda. Niliwahi kuitwa baada ya mtoto wa miaka 11 kumtafsiria mama yake habari za ugonjwa wake. Yule mtoto alikuwa ametafsiri nusu, ile nusu nyingine aliimeza akaenda nayo nyumbani.

---

JichoKavu

Naona wote mmeshaingia kwenye lile kochi. Ngoja niwe mtu mbaya wa uzi huu.

Victoria Climbié. Binti kutoka Ivory Coast, shangazi wa mzazi wake alimchukua kwa wazazi kwa ahadi ya maisha mazuri na shule, akampitisha Ufaransa, wakaishia London. Alikufa Februari 2000 ana miaka 8, mwili una majeraha 128. Uchunguzi rasmi wa Uingereza ulioongozwa na Lord Laming, uliotoka 2003, ulihesabu nafasi 12 ambazo wahusika wangeweza kuingilia kati na hawakuingilia. Na ndani ya uchunguzi ule kuna kitu ambacho kila mstawi anayeshika kesi ya familia ya kigeni angekibandika mezani kwake: binti alikuwa anasimama wima kama askari mbele ya huyo shangazi wa mzazi wake, na mstawi aliona akajieleza mwenyewe kwamba hiyo ni heshima, ndivyo familia nyingi za Kiafrika na Kikaribi zinavyolea. Ilikuwa hofu. Hofu tupu. Wazazi wake wenyewe hawakumlea hivyo, kwa hiyo hata huo "utamaduni" aliutunga mstawi.

Kwa hiyo dada, nakusoma unajilaumu kwa kutokuelewa utamaduni wao na ninaogopa sasa utaenda upande wa pili, kila kitu kitakuwa "ndivyo walivyo". Ukali unaouona kwa jirani yako na kuuandika, uandike na kwao. Mtoto akiogopa mtu, anaogopa, haijalishi lugha gani. Na familia pana ni kitu kizuri ila ndani ya watu wazima wanne hao mnajua wangapi? Kaka wa marehemu hujamtaja tena baada ya mstari wa pili, yuko tu pale kwenye kochi. Ana umri gani, anafanya kazi gani, analala chumba gani? Watoto wengine wanaenda shule wote au kuna mmoja anayebaki nyumbani kufanya kazi?

Supavaiza wako kakosea sababu lakini wasiwasi wake ni halali. "Sisi" inaweza kuwa mikono minne na inaweza kuwa hakuna mkono. Utajuaje? Si kwa kuuliza cheo.

---

Nyota_wa_Faili

@JichoKavu umenipiga lakini nashukuru. Ni kweli mjomba sina chochote juu yake. Nimerudi kwenye notisi zangu nina kurasa 11, jina lake liko mara moja, mstari wa pili, kama ulivyosema.

@Mzee_wa_Taratibu mama hakuwa mkimbizi, alikuja kwa kibali cha kazi, nimehakikisha leo. Barua ya mamlaka kuu nimeianza, mwanasheria anaipitia.

Sasa hiyo "si kwa kuuliza cheo" ndo naiomba ifunguliwe. Nauliza nini badala yake?

---

MamaKesi

Mwanangu, uliza vitendo. Nina miaka mingi kwenye hii kazi, nusu yake nchi ambayo si yangu, na cheti changu walikikataa mara mbili kabla hawajakitambua (hiyo stori ya siku nyingine), nilichojifunza ni kwamba vyeo vinatafsirika vibaya ila vitendo vinatafsirika vizuri.

Chukua mtoto mwingine aliyepo pale nyumbani, taja jina lake, uliza: leo asubuhi nani alimwamsha? Akiumwa saa 8 usiku nani anaamka, nani anatoka naye kwenda hospitali, pesa inatoka mfuko wa nani? Mwalimu akiita mzazi nani anaenda? Mara ya mwisho aliadhibiwa kwa kosa gani, na nani, kwa namna gani? Na hili usilisahau: nani humu ndani akisema hapana, inakuwa hapana? Uliza kila mtu mzima peke yake, mjomba pia, siku tofauti ikibidi, halafu weka majibu pembeni kwa pembeni. Kama mikono ni minne kweli utaona majina yanajirudia kwenye kazi zile zile hata kama kila mtu umemuuliza kivyake, bibi usiku, mkubwa shule, mdogo hospitali. Kama hakuna mkono utaona kila mtu anamtaja mwenzie. Hiyo jedwali weka kwenye ripoti mahali pa lile jina moja, na chini yake andika wazi kwamba kisheria atakayesaini ni fulani, na familia imekubaliana hivyo. Mahakama inahitaji saini, haihitaji familia ya mtu mmoja.

La pili, waachie wakutane wenyewe. New Zealand wana sheria ya 1989 iliyotokana na Wamaori (wenyeji wa asili wa kule) kusema watoto wao wanaamuliwa na watu wasiowajua, ikaleta kikao cha familia ambacho afisa anatoa taarifa zote, wasiwasi wote bila kuficha, halafu ANATOKA CHUMBANI. Familia inakaa yenyewe, inarudi na mpango, afisa anaukubali au anasema hapa hapajakaa sawa kwa usalama wa mtoto. Kwa video inawezekana, wewe na mkalimani mnatoka kwenye simu saa nzima. Waambie ukweli wote, pamoja na kwamba bosi wako ana wasiwasi hakuna mlezi. Watu wakijua swali halisi ni lipi wanajibu.

Na mtoto mwenyewe? Ana miaka 9, maelezo yote haya hajasema hata neno.

---

Nyota_wa_Faili

Mama shikamoo, na asante. Mtoto hakusema kitu kwenye simu, aliangalia meza muda wote, nikaandika "hakuonyesha hamu". Jana nimekaa naye bila simu bila fomu, tunapaka rangi tu. Kumbe lugha ya nyumbani imeanza kumtoka, miezi saba hana mtu wa kuongea nayo, alikuwa anaona aibu bibi asije akajua. Akaniuliza kama kule uwanja wa ndege atamtambua nani, kwa sababu sura anazikumbuka nusu nusu. Ile "hakuonyesha hamu" nimeifuta, nimeandika alichosema kama alivyokisema.

---

Sauti_ya_Katikati

Hiyo ya lugha iombee kitu sasa hivi, usingoje uamuzi. Sauti fupi za bibi kwenye simu za kila siku mbili, hata dakika 3, hadithi au wimbo wa kulala. Mama anayemlea sasa azicheze usiku. Hata kama mahakama itasema abaki, bado atakuwa anaihitaji.

---

Nyota_wa_Faili

Mrejesho wakuu, samahani nimekawia.

Mahakama imeongeza wiki 8. Mamlaka kuu ya kule imejibu kwamba imepokea, mstawi wa wilaya atatembelea kaya, na nimewatumia maswali ya Mama pamoja na orodha ya JichoKavu kuhusu mjomba. Niliongea na kila mmoja peke yake, mkalimani yule yule, safari hii tulikaa kabla na baada. Bibi nilianza naye kwa kumjibu swali lake: ndiyo, bado anaogopa giza, wanamwachia taa ya korido. Akanyamaza kidogo halafu akaniambia upande gani wa kitanda mtoto anapenda, wa ukutani.

Majina yamejirudia karibu kama Mama alivyosema. Isipokuwa kwenye swali la adhabu, watatu walijibu na mjomba akakwepa mara mbili. Sijui bado ni nini, inaweza kuwa aibu tu. Nimeiandika kama ilivyo na nimemwomba mstawi wa kule aanze na hiyo. Supavaiza amesoma jedwali, hajasema nimeshinda, ila mstari mwekundu ameufuta na kuweka alama ya kuuliza.

---

Mzee_wa_Taratibu

Alama ya kuuliza kwa supavaiza ni kibali hicho dada. Wakati mnasubiri angalia cheti cha kuzaliwa na pasipoti, na ataingia kule kwa hadhi gani ya uhamiaji, maana ndugu wanaweza kupitishwa na viza ikakwama. Na kama ataenda, kubalianeni kwa maandishi nani atamtembelea baada ya mwezi 1 na baada ya miezi 6, ofisi yenu au ya kule. Kila ofisi huwa inadhani ni ile nyingine.